Furushi la Bibi Tsona

Brestak,
karibu na sikukuu ya Mtakatifu Dimitri

Mjukuu wangu Lachezar,

Nakusalimu kwanza, maana barua isiyo na salamu ni kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila kugonga. U hali gani? Kifua kimepona? Unakula chakula cha sufuria, au bado ni vile vya kwenye karatasi, mtu anakula amesimama kama farasi? Mimi ni mzima, isipokuwa goti, na goti nimeacha kulisikiliza. Mbuzi naye mzima. Mbweha amechukua kuku mmoja, yule mweusi, ambaye hata hivyo alikuwa anakula tu na hatagi. Mama yako mara ya mwisho tulipozungumza alikuwa mzima, ila yule mzee anayemwogesha huko Italia amevunjika nyonga, kwa hiyo Krismasi hii haji. Nilimwambia sawa. Ningemwambia nini?

Utashangaa kupata barua. Sijaandika barua tangu babu yako alipokuwa jeshini, na madarasa yangu ni manne, kwa hiyo mwandiko usinicheke. Simu nimeichomoa ukutani, waya nimeuweka kwenye droo ya vijiko. Sababu iko mbele. Usiruke kwenda mwisho kama ulivyokuwa unafanya na vitabu vya shule. Kaa chini usome kwa mpango.

Mashine ya kufulia uliyonitumia ilifika. Iko barazani na nailoni yake. Sijaifungua, na nafua kwa mikono kama siku zote. Hilo nalo liko mbele.

Unakumbuka Sikukuu ya Mama wa Mungu mwezi wa nane, tulivyokaa uani chini ya mzabibu. Ulikuja na viatu vyeupe, nikakuambia kijiji hiki kina mavi ya ng'ombe, ukacheka. Bibi Tsona akatoka upande wake wa ua na sahani ya mkate wa jibini, akakubusu, akakuuliza, haya daktari wetu, masomo yanaendaje? Ukamjibu masomo yapo, lakini wewe umeshaanza kazi, kazi ya ofisini, ya kuzungumza na watu kwenye simu. Mjomba Gancho akakutania kwamba kuzungumza ni kazi ya wanawake wa kisimani, na unalipwa kwa kipi, kwa neno au kwa pumzi? Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ulisema wenzako darasani wanasukuma vitanda vya wagonjwa bure ili wajifunze, kisha watamaliza, waende Ujerumani kufuta vikongwe matako, halafu waseme wamefanikiwa. Ukasema wewe hutaki kungoja mpaka uote mvi. Gancho akakuuliza, basi kufanikiwa ni nini, tufundishe sisi washamba. Ukainua glasi ya pombe ya plamu, ukasema: aliyefanikiwa haulizwi. Haulizwi anakokwenda, haulizwi alikotoka, haulizwi amepata wapi.

Meza nzima ikakupigia makofi, na mimi nikapiga. Bibi Tsona peke yake alisema kwamba yeye, mtu asiyeulizwa na yeyote humwona kama amekufa. Lakini alisema polepole, na kwa vile masikio yake mabovu alidhani hakuna aliyemsikia.

Sasa nikupe habari za Tsona.

Wakati wa kuchoma pilipili hoho nilikuwa uani kwangu, jiko la bati linawaka, moshi umenijaa machoni. Nikamwona Tsona anatoka kwenye roshani yake ya juu, simu imebanwa sikioni kwa bega, na mikononi ana furushi. Nililijua lile furushi. Mimi nina la namna hiyo, kila mwanamke wa umri wetu hapa analo: nguo za kuzikiwa. Shati jeupe lenye nakshi mikononi, sketi nyeusi, aproni, soksi, kitambaa cha kichwa, mshumaa. Na ndani kabisa, katikati ya soksi, Tsona alikuwa ameweka mkufu wake wa sarafu za dhahabu aliovaa siku ya harusi, wa mama yake na wa bibi yake. Sote tunaweka hivyo. Mama zetu walituambia mwizi hagusi nguo za maiti.

Nikampigia kelele, Tsona, unafua au unahama? Akaweka kidole mdomoni. Kisha akalirusha furushi lote, likapita juu ya ua, likaanguka barabarani. Likaja gari, mlango ukafunguliwa, mkono ukatoka, gari likaondoka. Mimi nilidhani anawapa masikini. Nikageuza pilipili.

Baadaye akaja kwangu, hajavaa hata viatu. Akanieleza. Daktari alipiga simu. Milka, binti yake, amegongwa na gari huko mjini, yuko mezani, damu inamwagika, bila malipo ya haraka hawaendelei kumpasua. Asikate simu, asimwambie mtu, asifungue geti, arushe tu, kuna mtu atapokea. Tsona akasema hana fedha, ana dhahabu tu, na imo ndani ya mafundo asiyoweza kuyafungua upesi. Daktari akamwambia rusha hivyohivyo. Nikamwambia kaa, tumpigie Milka. Tukampigia. Milka alikuwa nyumbani kwake anapiga pasi.

Tsona hakulia. Alikaa kwenye kigoda changu akasema kitu ambacho wakati ule nilikisikia kwa sikio moja tu. Alisema yule daktari alikuwa mpole sana. Yeye Tsona alipoanza kupiga mayowe kwenye simu, daktari hakumfokea. Alimwambia: bibi yangu, pumua kwanza, kisha useme.

Polisi walikuja, wakauliza maswali, wakamwambia mbona kila siku tunawaonya kwenye televisheni. Wakaenda. Dukani, Gancho yuleyule akamwambia, Bibi Tsona, ukirusha tena geuza uso upande wa kwangu. Utani tu, kama kawaida yake, na watu wakacheka kwa sababu mkate ulikuwa haujafika na hawakuwa na la kufanya. Tsona aliacha kikapu chake kaunta akarudi nyumbani. Tangu hapo hakwenda dukani.

Wiki ileile mashine yako ikafika. Wale walioileta waliiweka barazani, na mimi, mpumbavu niliyejaa kiburi, nikamwita Tsona aje aone. Nilitaka achangamke. Akaja, akapitisha kiganja juu ya nailoni, akasema, hongera Stamena, wewe umefanikiwa, una mjukuu daktari na bado hajamaliza shule. Akakaa kidogo akanikumbusha ule mkate wa hatua zako za kwanza. Unajua, nimekusimulia: ulipoanza kutembea tulioka mkate, tukatandika kitambaa cheupe, mwisho wake tukapanga vitu, mkasi, nyundo ya babu yako, mwiko, kitabu, ili tuone utashika nini na utakuwa nani. Kipimajoto aliweka Tsona. Alikileta kutoka kliniki alikokuwa anafagia, enzi zile kijiji kikiwa na kliniki. Ukaipita nyundo, ukaupita mkasi, ukakishika kile kipimajoto ukakitia mdomoni. Tsona alilia kuliko mama yako. Tangu siku ile alikuita daktari wangu.

Baada ya hapo akalala, akageukia ukutani. Nilimpelekea supu, akasema amekula. Nilimletea maziwa ya mbuzi, akasema ameshiba. Milka akaja kumchukua mjini, akakataa. Nikamfokea, Tsona, hata dhahabu haivaliwi kaburini, inuka. Akanijibu bila kugeuka kwamba dhahabu na iende, lakini kesho watu watamvisha nini? Akafa asubuhi, kabla ya kasisi kufika. Nisikilize vizuri: hakufa kwa ajili ya mkufu. Alikufa kwa aibu.

Na swali lake la atavaa nini nikalijibu mimi. Nilifungua sanduku, nikatoa furushi langu. Unakumbuka Tsona alikuwa mrefu, mimi mfupi. Sketi haikufika vifundoni, tukamfunika kwa blanketi. Lakini mikono ya shati hatukuweza kuificha. Alilala jenezani, viwiko karibu vionekane, kama msichana aliyekua ghafla na mama yake hana kitambaa cha kushonea kingine. Kila aliyeinama kumbusu aliona. Milka aliona. Picha yake sasa iko kwenye geti, ile ya tangazo la kifo, na kila nikienda kuteka maji ananitazama.

Nimefika pale nilipokuwa sitaki kufika.

Kesho yake baada ya maziko nilikuwa nyumbani kwa Tsona natoa majivu jikoni, Milka amekwenda kwa kasisi. Simu ikalia. Nikainua, nikasema haloo, na kwa vile nilikuwa na kikohozi cha majivu sauti ilitoka ya mtu mwingine. Upande wa pili mtu akasema: Bibi Tsona, ni daktari, binti yako hali yake imebadilika, inabidi tumpasue tena. Nilikuwa nimeshika koleo la majivu na nikaendelea kulishika. Akasema, bibi, unanisikia? Nikawa natoa pumzi tu. Naye akasema kwa upole kabisa: pumua kwanza, kisha useme.

Lachezar, maneno hayo ni yangu. Nilikuwa nakuambia wewe, ulipokuwa na miaka sita, mama yako alipopanda basi la Italia na wewe ukakimbia nyuma yake mpaka kwenye daraja, ukarudi huwezi kusema kwa kwikwi. Nilikushika mabega. Nilikuambia hivyo siku ile, na siku nyingine nyingi. Hapa kijijini hakuna mwingine anayesema hivyo. Tsona alipoyatamka kwenye kigoda changu, kitu kilinigusa kifuani nikakisukuma, nikasema ni madaktari tu, labda wote husema hivyo. Lakini sauti sikuweza kuisukuma. Nimeilea mwenyewe.

Nikapumua. Kisha nikasema: Tsona tumemzika jana, Lacho.

Nawe ukanijua. Usiniandikie kwamba hukunijua. Nilisikia ulivyovuta pumzi kwa pua, kama ulipokuwa umevunja kitu. Hukukata. Nyuma yako nikasikia kijana mwingine anazungumza kwenye simu yake, bibi usilie, bibi nisikilize. Kisha ukakata. Nikarudi nyumbani, nikachomoa waya wangu. Usiku huo, na usiku mwingine, sikutaka niisikie sauti hiyo ikinitafuta, na sikutaka nijue kwamba hainitafuti.

Sijamwambia Milka. Sijamwambia mama yako. Nachelea anapomgeuza yule mzee kitandani asije akamwangusha. Polisi sijakwenda. Nimekaa nalo peke yangu, na kwa mara ya kwanza nasikia Tsona alikuwa akisikia nini alipogeukia ukutani.

Ulisema aliyefanikiwa haulizwi. Basi mimi nakuuliza. Hao wengine mliowapigia ni wangapi? Ulipomwambia alirushe lile furushi, ulijua lina nguo gani? Dhahabu najua ilikokwenda, kipande kimoja kimekaa barazani kwangu na nailoni. Nguo ziko wapi? Lile shati nakshi zake Tsona alizitia mwaka alioolewa, nyuzi nyekundu na nyeusi, kwenye kiwiko cha kushoto kuna kosa alilokataa kulifumua. Mmelitupa? Mmeliacha kwenye pipa la kituo cha mafuta? Mnafutia vioo vya gari?

Siku ya arobaini ya Tsona tutakwenda kaburini na ngano ya kuchemsha na divai. Milka atakuwepo. Uje. Uje kwa basi, kwa viatu vyovyote. Utamwambia Milka kwa mdomo wako, pale, kabla mkate haujamegwa. Ukichelewa nitasema mimi, na mimi sina maneno laini, unanijua. Watu watasema mjukuu wa Stamena. Waseme. Nilipokuwa najisifu nilijisifu kwa sauti. Sasa watasema nao kwa sauti hiyohiyo.

Na mashine uje kuichukua. Gancho ana toroli.

Kuna jambo moja la mwisho. Ulipoondoka kwenda chuo nilikumwagia maji mbele ya geti kwa ndoo ya shaba, ili njia yako iende kama maji. Kile kijitawi cha kijani ndani ya ndoo alikitia Tsona, na alikimbia kwao kukichuma kwa sababu mimi nilikuwa nimesahau. Ukapita juu ya yale maji ukacheka, viatu vikalowa. Safari hii ukija kutoka mjini sitamwaga kitu. Utaingia kwenye nyumba kavu, utakula, utalala. Asubuhi, ukitoka kwenda kituo cha polisi kwa miguu yako mwenyewe, nitakuwa getini na ndoo. Hapo nitakumwagia. Kijitawi nitachuma mimi, kwa Tsona bado vipo.

Nisalimie yule mama mwenye nyumba unayopanga. Mjomba Gancho anakusalimu, hajui chochote. Mbuzi hakusalimu, amekusahau. Vaa sweta, ukungu umeanza.

Bibi yako aliyekulea,
Stamena