Mke Wangu Alizitafuta Klachi Mbili Asizione

Miaka arobaini na mitatu nimelala chali chini ya magari ya watu, na hakuna giaboksi iliyowahi kunishinda.

Haya, moja. Niliifungua vizuri, nikaifunga vizuri, nikabaki na nati tatu mkononi na gari lisilokubali gia yoyote isipokuwa ya kurudi nyuma. Mwenyewe alilipeleka kwake hivyo hivyo, kinyumenyume, shingo kaigeuza kama bundi, na majirani wakidhani anawaaga. Na ya pili nayo ilinishinda, ila hiyo sitaisimulia, maana mwenye gari bado yu hai na husoma gazeti hili.

Tangu magoti yalipoukataa uvungu, mhariri amenipa kona hii nijibu maswali ya magari. Shule niliishia darasa la tano. Makosa ya herufi ni yangu, herufi zilizokaa sawa ni za mhariri. Wiki hii imekuja barua ndefu kama cheni ya taimingi. Nimeiacha ilivyokuja, isipokuwa mwandishi alisahau kabisa kuweka nukta, nikamwazima mbili tatu.

*

Mpendwa mshauri Babu Nati, shikamoo, mwenzio nimekwama katikati ya barabara, naomba unisukume. Mimi ni mtengeneza mihuri, chumba changu cha kazi kiko chini ya ngazi katika jengo la maofisi, nina miaka arobaini na saba, mke mmoja na watoto wawili walioshaanza kujitegemea, na tangu ujana naota gari la spoti, si la kwendea kazini kwa sababu kazini naenda kwa miguu, la Jumapili tu, na sasa Mungu kajalia nimeyapata mawili kwa mpigo, yadi moja, chapa moja, rangi moja ya kijivu, utadhani pacha, ila moja lina gia ya mkono na pedali tatu, na jingine lina ile otomatiki mpya inayoitwa klachi mbili, na mwenye yadi ameniahidi hatayauza mpaka Jumamosi ijayo, nami kila jioni napita kuyachungulia kwenye wavu kama mtu aliyefungiwa nje ya kwake.

Rafiki yangu mpiga chapa wa chumba cha pili anasema mwanaume kamili hupanga gia mwenyewe, mwenye yadi anasema la klachi mbili hubadili gia kabla hujamaliza kupepesa jicho, na ungeniuliza mbele za watu ningekujibu kwamba nashindwa kuchagua kati ya raha na kasi, lakini wewe mzee wangu nakwambia la moyoni, mimi nataka la gia ya mkono kwa sababu mke wangu hawezi kuliendesha. Yeye ni mkutubi wa shule, leseni yake ni ya otomatiki tu, na nyumbani kwetu kila kitu ni cha wote, simu tunachajia waya mmoja, miwani ya kusomea tunaazimana, kiti changu cha kupumzikia ukikitafuta utamkuta yeye juu yake, nikasema jamani na hiki kimoja kiwe changu.

Sasa aliposikia liko la otomatiki akafurahi, akasema, "Basi chukua hilo hilo, Jumapili nyingine na mimi nishike usukani," nami nikababaika, na ulimi hauna mfupa, nikamwambia, "Mama watoto, hilo ndilo gumu kuliko yote, hilo ni klachi mbili, yaani chini kuna pedali nne, klachi ya kushoto na klachi ya kulia, mimi mwenyewe naliogopa," akasema, "Pedali nne kwa miguu miwili?" nikamwambia ndiyo maana huendeshwa na watu wa mashindano, nami nikadhani yamekwisha.

Wiki iliyofuata akanisindikiza yadini, nikawa naongea na mwenye yadi, kugeuka namwona mke wangu ameketi ndani ya lile la klachi mbili, viatu kavivua, kainama chini ya usukani anapapasa kama mtu aliyeangusha hereni, halafu akaniita kwa sauti, "Baba watoto, nimeona breki, nimeona mafuta, hizo klachi zako mbili ziko wapi, unatembea nazo mfukoni?" nikasema, "Ziko ndani," akasema, "Ndani wapi?" nikasema, "Ndani kwa ndani," mwenye yadi akakohoa, mke wangu akavaa viatu vyake kimoja kimoja, akasema, "Haya." Mzee wangu, nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na miwili, "haya" zake zote nazijua, hiyo sikuwahi kuisikia.

Tangu siku hiyo hagombi wala hasemi, na hilo ndilo linaloniua, kila Jumatano akitoka kazini na kila Jumamosi asubuhi anapotea, nikiuliza anasema ana kikao cha maktaba, akirudi nguo zinanuka kitu kilichoungua, sasa vitabu gani hivyo vinavyoungua kila wiki, goti la kushoto analikanda kwa barafu, ukiketi naye mezani mguu wake wa kushoto unakanyaga sakafu polepole na kuachia, kukanyaga na kuachia, kama mtu mwenye jambo, na juzi simu yake ilikuwa kwenye waya ikawaka mwanga, nikaona ujumbe kutoka kwa mtu ambaye amemwandika kwa jina la Taratibu, unasema hivi: "Leo umeachia haraka mno ndiyo maana ukazima. Jumamosi tutarudia kilimani mpaka uzoee."

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko cheti changu cha ndoa. Je nimfuate huko kilimani, au nighairi habari ya gari kabisa, na nisipoghairi ninunue lipi? Nijibu upesi mzee wangu, Jumamosi si mbali.

Ni mimi, Muhuri.

*

Marahaba, Bwana Muhuri. Pole sana. Nimeshasema pole, sasa keti tuambiane ukweli.

Mkeo hana bwana. Mkeo ana mwalimu wa udereva. Goti la kushoto, si la kulia. Kukanyaga polepole na kuachia. Kuzima. Kilimani. Wewe unayejidai kupanga gia, hujawahi kunusa klachi iliyoungua? Mimi nimeivuta harufu hiyo mpaka leo sufuria ikiungua jikoni nauliza ni gari la nani. Mwanafunzi wa gia ya mkono huanzia tambarare. Akishazoea hupelekwa kilimani, asimamishwe katikati, aambiwe aondoke bila kurudi nyuma. Akiiachia klachi haraka, gari linazima. Akiichelewesha, inaungua. Hizo ndizo habari za kikao cha maktaba. Naweza kukosea, nimekosea kwingi, lakini nilipokuwa namsomea barua yako bibi yenu, naye akikunja shuka, hata hakungoja nifike mwisho.

"Huyo mama anajifunza gari," akasema.

"Umejuaje, wewe ambaye hata baiskeli inakuona mgeni?"

"Mwenye hawara hajichui goti. Anajichana nywele."

Nikaongeza sauti ya redio.

Sasa tuje kwenye gia, maana kona hii ni ya magari na mhariri ananikazia macho. Klachi mbili ni kweli ziko ndani. Ulikuwa unadanganya ukaukanyaga ukweli kwa bahati mbaya. Moja inashika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano. Nyingine inashika ya pili, ya nne na ya sita. Ukiwa kwenye ya tatu, ya nne imeshapangwa, imekaa mlangoni kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Hii ikiachia, ile imeshashika. Hakuna mkono wa binadamu utakaoiwahi, na huyo rafiki yako mpiga chapa na ukamilifu wake wote ataachwa kwenye taa za barabarani anaitafuta ya pili. Tena mwambie uanaume haukai kwenye klachi. Nimefungua klachi za wanaume wengi, sikuukuta.

Ubaya wake nao usikie. Haipendi kukokotwa kwenye foleni hatua kwa hatua, inapata moto. Mafuta ya giaboksi usipoyabadili kwa wakati wake, inanuna. Na ikiharibika inataka fundi mwenye kompyuta, si mtu kama mimi mwenye nyundo na maneno. Gia ya mkono ni nzito kidogo, lakini inakupa kazi ya kufanya, na klachi yake ikiisha, fundi yeyote mwenye akili atakubadilishia kati ya asubuhi na saa nane mchana. Mtu wa foleni kila siku, au mwenye goti bovu, namwambia achukue klachi mbili bila aibu yoyote. Mtu wa Jumapili anayetaka kucheza na gari lake, gia ya mkono.

Kwa hiyo ulichokitaka kilikuwa sawa, bwana mkubwa. Ila ulikifuata kwa kuruka ukuta wakati mlango ulikuwa wazi. Ungesema tu, "Mke wangu, napenda kupanga gia," angekuelewa, maana amekuvumilia miaka ishirini na miwili na miwani moja. Wewe ukamtengenezea gari la pedali nne! Hata mimi ninayeongopea wateja kwamba spea iko njiani, sijawahi kuongeza pedali.

Na hebu mtazame yeye. Alizipapasa klachi zako asizione, akajua kila kitu palepale. Angeweza kukuumbua mbele ya mwenye yadi, yeye akavaa viatu tu. Angeweza kusema, "Nunua hili, pedali mbili naziweza," na ungenunua huku unalia. Hakusema. Ameona roho yako iko kwenye lile la pedali tatu, akaenda kuifuata hiyo ya tatu kwa goti lake mwenyewe. Ukikaa kimya mpaka apate leseni, siku moja ataiweka mezani karibu na sahani yako, bila neno, na hapo umekwisha. Mke akikushinda kwa ugomvi utapona. Akikushinda kwa wema, utaosha vyombo mpaka unazikwa.

Basi fanya ninavyokwambia. Kilimani usiende. Mwanafunzi akimwona mumewe kwenye kioo, mguu utaruka, gari litarudi nyuma, na nikisikia limekugonga nitampigia makofi. Simu yake iache hata ikiwaka moto. Leo, si kesho, kabla hamjakaa kula, mwambie: "Klachi mbili hazina pedali hata moja. Nilikudanganya kwa sababu nilitaka gari liwe langu peke yangu." Maneno hayo hayo. Usiongeze "lakini". Hiyo "lakini" ndiyo huharibu kazi nzima. Wala usimwambie kwamba umejua habari za mwalimu. Siri ile ni ya kwake, ameilipia kwa barafu, aitoe mwenyewe akipenda.

Jumamosi akirudi kutoka kwenye kikao chake, nendeni wote wawili yadini. Yeye aendeshe kwanza, humo humo yadini, yote mawili akipenda, nawe utulie pembeni na mikono yako mapajani. Gari likimzimia usicheke. Usimfundishe. Usivute pumzi kwa meno. Akisema la klachi mbili, chukua hilo, ukajionee kasi. Nadhani hatasema hivyo. Akisema la gia ya mkono, chukua hilo, na ufunguo wa pili mpe papo hapo, kabla gari halijatoka getini. Na kama ni lazima uwe na kitu cha peke yako duniani, anza na waya wa simu.

Sasa mimi kwa ushauri sitozi, na bibi yenu hunisema kwa hilo. Lakini wewe nimekuondolea hawara nyumbani bila hata kuinuka kwenye kiti, kwa hiyo kuna kafadhila kadogo ninakokudai. Macho yalininyang'anya leseni mwaka juzi, na magari ya spoti nimeyafahamu kwa upande wa chini tu. Jumapili ya kwanza mkeo akishapata leseni, saa nne asubuhi, nitakuwa nimeshavaa. Mkeo anipitie, anipeleke kwa kinyozi na kunirudisha, kwa njia ndefu. Magari ya namna hiyo yana viti viwili tu, kwa hiyo wewe utatungoja hapa mlangoni kwangu. Tukichelewa usipige simu. Dereva atakuwa ameshika gia.