Usingizi wa Papa Didier na Kinu Changu

Jumatatu, 4 Machi
Nimetwanga sombe, majani ya muhogo ya kuuza sokoni, kwa jirani, Mama Zawadi, tena. Nimebeba kinu alfajiri kama mwizi. Mgongo unauma. Kwangu kutwanga ni marufuku mpaka mume wangu aamke, tangu mwanetu Didier alete ule mkanda kutoka Lubumbashi. Anafanya kazi hospitali kule. Mkanda unavaliwa kichwani. Mtu akishazama usingizini, unapiga sauti ndogo, shaa, shaa, kama ziwa likigusa mchanga, ili usingizi uzame zaidi. Didier anasema huenda ikasaidia tansio ya baba yake, ile damu inayopanda. Sawa. Ila makelele mengine yote yakome. Makelele ni mimi.

Jumatano, 6 Machi
Papa Didier, mume wangu, ananawiri. Amestaafu kazi ya reli, hana pa kuwahi asubuhi. Analala mpaka bati linawaka jua, kisha anawasimulia wageni: "Nalala sawa na mutoto!" Nani anachaji mkanda? Mimi. Nani anafuta jasho lake humo? Mimi. Jogoo wangu tumemla kwa sababu aliwika. Jogoo mzuri vile! Nimekasirika hata chumvi nimemwaga. Mimi nalala vipande vipande, nikiogopa kuchelewa kwenda kwa Mama Zawadi. Hakuna aliyeniuliza.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya wanawake. Vitenge vipya, maandamano, hotuba ndefu juani. Mama ni nguzo ya nyumba, walisema. Wanaume wakapiga makofi, wangu mbele kabisa.
Kando waliweka meza ya kupima tansio bure. Nilinyoosha mkono huku nikicheka. Muuguzi akapima, akapima tena, akaacha kucheka.
"Mama, unalalaka?"
Tansio yangu imeipita ile ya mume wangu, ile iliyomtoa Didier Lubumbashi mbio. Nguzo! Amenipa vidonge na kuniambia nipumzike. Nimerudi nyumbani nikapika.

Jumapili, 10 Machi
Baada ya misa nimempigia Didier. Nimemweleza tansio yangu. "Mama, sikujua. Kila siku unasema uko muzuri." Ni kweli, nasema hivyo. Lakini alikuja hapa na kipimo chake, akampima baba, mimi nikaleta chai. Mkono wangu ulikuwa palepale, umeshika kikombe. Nimelia. Hasira tupu.
Jioni nimeuchukua mkanda nikauvaa mwenyewe. Papa Didier akatoa macho. "Na mimi?"
"Weye utatwanga sombe ya kesho."
Alidhani ni mzaha. Amecheka peke yake.

Jumatatu, 11 Machi
Sauti ya mkanda ni nzuri, sikatai. Lakini nilikuwa nimekasirika mno, usingizi umechelewa. Sombe haikutwangwa. Sikwenda soko. Majani yamenyauka kwenye beseni, nami nimeyaacha yanyauke. Mchana tulikula bukari, ugali wetu, na visamaki vikavu vya ndagala. Papa Didier alitazama sahani, akatazama kinu, akala. Mwanamume hatwangi sombe hapa mtaani, wote wanajua hivyo. Mimi siwezi tena, hilo nani analijua?

Jumanne, 12 Machi
Nimeamka jua liko dirishani. Nikadhani ninaumwa. Mkanda bado kichwani. Kitanda upande wake kitupu.
Nimetoka uani. Kinu hakipo. Beseni la majani halipo.
Halafu nikasikia mchi, kutoka kwa Mama Zawadi. Tu. Tu-tu. Kimya. Tu. Mtu asiyejua kutwanga. Wanawake walikuwa wanacheka mpaka wanakohoa, na Mama Zawadi anapiga kelele: "Papa Didier, majani yote inaruka inje!"
Nikasikia sauti ya mume wangu, ya chini, amechoka.
"Museme polepole. Mama Didier analala."
Nimerudi ndani taratibu, nikafunga mlango, nikalala tena kidogo.