Mkebe wa Dawa ya Dizeli

Mayoni,
12 Februari 1996

Mwanangu Titus,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye miwa. Sisi ni wazima, ila mgongo wangu siku hizi unatangaza mvua kabla ya redio. Wewe je? Kile kikohozi kimekuacha, ama kimependa baridi ya Nakuru?

Nakuandikia kwa sababu ya lori la marehemu baba yako. Asubuhi linawaka vizuri, lakini likishapata moto halafu lizimwe kiwandani, haliwaki tena mpaka lipoe. Kile kilima cha baada ya daraja linakipanda likikohoa, polepole hata watoto wa shule wanalifuata kwa miguu wakichomoa miwa nyuma. Juzi lilitaka kuzima hapo katikati. Likirudi nyuma na mzigo, mwanangu, watoto hao watakimbilia wapi?

Ningemuuliza shemeji yako Patroba, maana ndiye dereva. Lakini unajua mila zetu. Tangu alete ng'ombe wa mahari ya Navalayo, miaka tisa sasa, mimi na mkwe wangu hatujasemezana neno. Akiingia langoni kuchukua lori, mimi naingia jikoni. Nikiwa na la kusema namtuma dada yako, naye hufikisha nusu. Mimi nashuku Patroba ananunua ile dizeli ya mitungi kando ya barabara. Wewe ni fundi wa pampu, niambie.

Mama yako,
Selpher

Nakuru,
20 Februari 1996

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Kikohozi kimeisha, njaa ya obusuma, ule ugali wako, ndiyo haijaisha. Pole na mgongo. Usiinue madebe ya maji, mwachie Navalayo.

Mama, pampu ya lori kuukuu kama letu inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Siku hizi kuna wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni mepesi, hayana utelezi, kwa hivyo vyuma vya ndani vinasagana. Vikishalika, pampu ikipata moto inashindwa kusukuma. Huko ndiko kukohoa unakokusikia.

Nimempa Sylvanus, yule dereva wa basi, mkebe wa dawa ya dizeli akuletee. Tangi likijaa, watie dawa ya kujaza kikombe kimoja cha chai, basi. Dawa hiyo inaongeza utelezi lakini haifufui chuma kilicholika. Pasaka nitapewa ruhusa, nami nitakuja na pampu iliyotengenezwa upya. Mpaka siku hiyo wapunguze mzigo, na kitu kingine chochote kisiingie kwenye tangi.

Mwanao,
Titus

Mayoni,
12 Machi 1996

Mwanangu Titus,

Nakusalimu, na wote hapa wanakusalimu. Beverlyne wa Navalayo ameota meno mawili na anauma kila mtu. Mgongo umetulia kidogo, Mungu ni mwema.

Dawa yako ilifanya kazi. Wiki mbili lori lilinguruma vizuri hata nikamkumbuka baba yako, nikalia kidogo jikoni. Mkebe uliisha, lakini usijali, nilipata namna ya kuendelea.

Sasa mambo yamegeuka. Lori linatoa moshi mweusi tii. Filta imeziba mara mbili kwa wiki moja. Navalayo nikimuuliza anaangalia chini. Mimi nakwambia ni Patroba. Mtu akijua mama mkwe hawezi kumsemesha, anafanya apendavyo. Na miwa imeshakatwa, iko chini inakauka, lori haliwezi kulala. Nijibu haraka.

Mama yako,
Selpher

Nakuru,
20 Machi 1996

Mama,

Natumaini mko salama. Nisamehe salamu ni fupi, nina wasiwasi.

Moshi mweusi na filta kuziba: kuna mtu anatia oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini. Ina masizi na vumbi la chuma ambalo hata kitambaa hakiwezi kulizuia. Badala ya kulinda pampu inaikwangua, na pampu inaweza kukwama wakati wowote. Injini ikizima kilimani, breki za lori lile nazo zinakuwa kama hazipo.

Lori lisimame siku utakayosoma barua hii. Miwa ikauke. Kama ni Patroba anayetia oili hiyo, basi si dereva, ni muuaji, na mwambie nimesema hivyo. Usimtume Navalayo. Mwambie kwa mdomo wako, Mama. Mila tutaitengeneza baadaye kwa kuchinja kondoo.

Mwanao,
Titus

Shieywe, Kakamega,
2 Aprili 1996

Mwanangu Titus,

Sijui nikusalimu vipi. Niko hapa kwa shangazi yako Zipporah, ili niwe karibu na hospitali. Najua alikupigia simu karakanani akakwambia lori limeanguka. Mengine hakuyajua. Nakuandikia mimi.

Oili ile ilikuwa yangu. Dawa ilipoisha nikaona dumu la oili chafu aliyoimwaga Patroba, nikasema oili ni oili. Nikaichuja kwa leso, nikaitia katika mkebe wako uleule, nikampa Navalayo. Navalayo anasema mumewe alinusa, akatikisa kichwa, akamwambia, "Hii itaua pampu." Yeye akamjibu, "Mama amesema." Patroba akatia. Angenikataliaje, nami hata jina lake sijawahi kuliita mbele yake?

Barua yako ilifika Jumanne. Nikasoma neno muuaji, nikajua ni mimi. Niliona aibu, Titus. Nilikuwa nimemsema vibaya mkwe wangu kwako, na kwa Zipporah, na kwa akina mama wa kanisa. Nikajiambia acha wamalize mzigo wa juma hili, halafu nitalisimamisha kimyakimya. Alhamisi asubuhi nilisimama mlangoni pa jikoni akipasha injini moto. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Akaondoka.

Lilizima katikati ya kilima. Watoto walikuwa nyuma. Utingo anasema Patroba alitoa kichwa dirishani akiwapigia kelele watawanyike, na wakati huohuo anakata usukani, akaliingiza lori kwenye ukingo upande wake mwenyewe. Hakuna mtoto aliyeguswa. Mguu wake wa kulia wameukata juu ya goti.

Siku tatu nilikaa kwenye benchi nje ya wodi, kwa sababu mama mkwe haingii. Jana Navalayo alienda kumnyonyesha mtoto. Nikaingia, nikasimama nyuma ya pazia la kitanda chake. Alijua ni mimi, sijui alijuaje. Akasema, "Mama, nisamehe. Nimeharibu lori ya mzee."

Aniombe mimi msamaha! Nilitaka ardhi inimeze. Barua yako ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikamsomea yote kupitia hilo pazia, na tarehe yake, kisha nikamwambia iliingia mikononi mwangu Jumanne. Nikamwambia, "Patroba, nilijua, nikanyamaza."

Nilisikia kitanda kikilia, akigeukia upande wangu. Kisha akasema, "Hiyo Alhamisi nilikuona hapo mlangoni, Mama. Nilidhani unaniombea."

Navalayo bado sijamwambia, nashindwa pa kuanzia. Pampu usilete, mwanangu. Njoo wewe.

Mama yako,
Selpher