Maziwa ya Masanja

Mjukuu wangu Kabula,

Huku Sibwesa tunaendelea. Babu yako bado anakohoa, mahindi yamekauka shambani, na mama yako anakusalimu.

Unauliza kama unaweza kumeza vidonge vyako vya tetrasaiklini kwa maziwa, maana vinakuchoma tumbo. Usithubutu.

Tulipohamia huku na ng'ombe, miaka ya tisini, kaka yangu Masanja alishikwa na homa ya mapafu. Mganga wa zahanati akampa vidonge hivyo, akasema ameze kwa maji tu. Mama alichukia. "Mwanangu mgonjwa anywe maji matupu, kama mtu asiye na ng'ombe?" Kila kidonge akamnywesha kwa maziwa.

Homa haikushuka. Tulimzika vidonge vikiwa havijaisha.

Baadaye mganga alinieleza. Dawa ile huzuia vijidudu visizaliane, ndipo mwili uvimalize. Ikikutana na maziwa tumboni hushikamana nayo, na inayofika kwenye damu ni kidogo mno.

Basi kula ugali kidogo, umeze kwa glasi nzima ya maji, na usilale papo hapo. Maziwa yasubiri saa kadhaa. Umalize dozi hata ukipata nafuu. Kama una mimba, mwambie daktari kabla hujameza tena. Watoto wadogo usiwape, inawaharibu meno.

Mama sikumwambia. Mpaka anakufa alikuwa akijifariji kwamba mwanawe hakukosa maziwa hata siku moja.

Bibi yako