Mstari wa Tatu

Mwalimu Koech,

Nimegusa mstari wa tatu. Ni afadhali usikie kutoka kwangu.

Tangu tukuzike mwezi wa nne, chumba cha kompyuta kimekuwa mikononi mwetu, mimi na Kwamboka. Mwalimu mpya wa fizikia ni mtu mzuri, lakini anasema huo mfumo wako wa Linux haujui na hataki kufungua kitu asichoweza kufunga. Kwa hivyo kila Jumamosi sisi ndio tunafungua, tunapangusa unyevu kwenye skrini, tunafuata lile daftari la jalada la buluu ulimoandika hatua zote.

Muhula huu Madam, mkuu wetu wa shule, alianza kusikia redioni habari za mwaka wa elfu mbili, kwamba kompyuta zitachanganyikiwa tarehe. Akaniita ofisini, akaniuliza yetu itafanya nini. Nilimwambia kwamba kabla hujaugua ulikuwa umeagiza sidii mpya za mfumo huo kwa rafiki yako wa Nairobi, na zikifika tutaisasisha. Zilifika Jumatatu, mbili, zimefungwa kwa gazeti, pamoja na barua fupi ya pole. Jumanne baada ya chakula cha mchana nikafanya kazi hiyo, hatua kwa hatua kama ulivyoandika. Ilichukua saa mbili. Stima haikupotea hata mara moja, nikamshukuru Mungu mapema mno.

Kompyuta ilipowaka tena, ilikuwa haiijui printa. Programu ya zamani ya kuchapisha ilikuwa imeondolewa na mpya haikuingia. Nilipoiamuru iiweke, ilitafuta, ikangoja, kisha ikaandika kwamba ghala halipatikani. Neno hilo ulitufundisha wewe: ghala ni mahali programu zinapokaa, na kuna faili moja ndogo yenye anwani za maghala yote. Mstari wa kwanza na wa pili ni zile sidii. Wa tatu ni ile mashine ya chuo ulichosomea, tuliyokuwa tunaifikia kwa simu ya ofisini, Madam akishatoa kufuli kwenye simu.

Na orodha ya kidato cha nne, majina na nambari zao za mtihani, imo ndani ya kompyuta hiyo. Ofisi ya elimu inaitaka Jumatatu. Madam aliniambia kwa sauti ya upole, na upole wake ndio ulioniogopesha, kwamba ikifika Ijumaa saa nne asubuhi bila karatasi mkononi, katibu ataipiga taipu upya kutoka kwenye faili za ofisini, na mtu wa mjini ataitwa aje kufuta kila kitu na kuweka ule mfumo wa shule zingine.

Kufuta kila kitu. Mwalimu, mle ndani mna masomo yako yote. Mna mazoezi uliyotutungia, na yale maelezo ya umeme uliyokuwa unayaandika kwa Kipsigis ili mama zetu nao waelewe, yamefika ukurasa wa sita na hayajaisha. Hakuna nakala. Disketi zako nilizikuta kabatini zimeota kuvu.

Jumatano nilijaribu mara tatu, na jibu lilikuwa lile lile. Kisha nikaelewa. Mashine ilikuwa bado inakumbuka orodha ya vitu vilivyokuwa kule chuoni. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na programu ya kuchapisha mliyoirekebisha wewe na rafiki yako, yenye nambari kubwa kuliko ile ya kwenye sidii. Kwa hivyo kila mara iliiacha sidii iliyo mdomoni mwake, ikaenda kuitafuta yenu. Na kule hakuna kitu tena. Rafiki yako alisema wazi katika barua yake: ile mashine ya chuo iliondolewa wakati wa likizo.

Kwa hivyo nilijua la kufanya tangu Jumatano. Sikulifanya.

Katika daftari lako, ukurasa wa tisa, kuna sentensi ya wino mwekundu uliyoipigia mistari miwili: Mstari wa tatu usiguswe na mtu yeyote. Najua uliiandika kwa sababu yangu. Nilikuwa kidato cha pili, nikaufuta nione kitakachotokea. Ulikaa Jumamosi nzima ukirudisha nilichoharibu. Hukunikemea. Ulisema tu, "Sasa umejua hapo kuna kitu," ukanikatia nusu ya hindi lako la kuchoma. Jumatatu yake ile sentensi ilikuwa daftarini.

Na nyumbani kwetu neno la marehemu halichezewi. Babu alisema kabla ya kufa kwamba ule mti ulio katikati ya chai usikatwe, na mpaka leo tunachuma tukiuzunguka, hata mama ambaye haupendi. Basi Alhamisi, kipindi chote cha michezo, nilikaa mbele ya ile faili, mikono mapajani.

Kwamboka alikuwa mlangoni anakula mkate. Unamjua huyo wa Chepilat, mdomo wake hauna breki. Akasema, "Chebet, wewe unamwogopa Mwalimu kuliko wakati alikuwa hai. Akiwa hai ulikuwa unamuuliza kwa nini, kwa nini, mpaka anachoka."

Nilikasirika. Nilimwambia watu wa kwao hawana heshima. Akasema sawa, basi niitumie hiyo heshima yangu kuchapisha, akarudi kwa mkate wake.

Lakini ni kweli. Nilikuwa nakuuliza. Na ukinijibu ulikuwa unafurahi.

Ijumaa saa moja asubuhi, kabla ya paredi, nilifungua ile faili. Sikuufuta mstari wako. Niliweka mbele yake ile alama ya mistari miwili iliyosimama na miwili iliyolala, ambayo mashine ikiiona inaupita mstari bila kuusoma, lakini mtu bado anaweza kuusoma. Kisha nikaiamuru isome maghala upya. Vidole vilikuwa baridi, nikakosea amri mara mbili. Ikasoma sidii ya kwanza. Ikaomba ya pili. Katikati ikakwama, ikasema kuna programu zilizobaki nusu, na hapo nilitaka kulia. Kwamboka akafungua ukurasa wa kumi na mbili, akanisomea amri yako ya kumalizia zilizobaki nusu, herufi moja moja, bila mzaha.

Printa ikaanza kukwaruza.

Madam aliingia saa nne kasoro robo, katibu nyuma yake na utepe mpya wa taipureta. Nilimpa kurasa nne. Alizisoma zote amesimama. Kwenye ukurasa wa mwisho alikawia. Chini kabisa, mahali pa jina la aliyeitayarisha orodha, mashine ilikuwa imeandika jina lako. Hakuna aliyekumbuka kulibadilisha.

Madam akavua miwani, akaipangusa kwa leso. "Huu wa mwisho uuchapishe tena, Chebet. Weka jina langu." Nikaubadilisha, nikauchapisha. Ule wenye jina lako hakuupasua, aliondoka nao. Alipofika mlangoni alimwambia katibu ampigie simu yule mtu wa mjini kwamba hatahitajika.

Mwalimu, chini ya sentensi yako nyekundu nimeandika yangu kwa penseli: mstari huu ulikuwa wa nini, kwa nini sasa unapitwa, na nani aliyefanya hivyo. Kesho wasichana saba wa kidato cha kwanza wanakuja kwa mara ya kwanza. Nakuahidi kwamba nikiwakataza kugusa kitu nitawaambia na sababu, na sababu ikiisha wasiniogope. Na yale maelezo ya umeme nitayamalizia mimi, polepole. Mama amekubali kunisaidia kwa maneno ya Kipsigis nisiyoyajua.

Kama nimekosea, nisamehe. Kama sijakosea, nadhani ungenikatia hindi.

Pumzika, Mwalimu wangu.

Mwanafunzi wako,
Chebet