Miaka Thelathini Mbele

Jumatatu, 4 Agosti

Madaftari ya kidato cha pili, mkondo B. Mtoto mmoja kaupeleka Mto Rufiji mpaka Kigoma. Nimecheka peke yangu ofisini, nikampa nusu alama. Simu ikalia.

Jofu tena. "Madam, sehemu ya pili inaanza wapi na lini? Miezi minne unatuzungusha."

Ana haki. Kwenye grupu la mchezo wetu wa kuandika hadithi tuko kumi na wawili: wachezaji kumi na mmoja na mie msimamizi. Kila mchezaji ana shujaa wake mwenye nguvu zake. Yeye anaandika shujaa anafanya nini, mie naandika kinachotokea. Jiji ni hilihili letu. Sehemu ya kwanza iliisha Aprili: adui anayefyonza umeme alishinda, Dar nzima ikazimika.

Nimeweka kura. Chaguo la kwanza, tuanze Dar asubuhi inayofuata. La pili, tuanze miaka thelathini mbele, jiji jipya limejengwa juu ya vilima vya Goba na Madale, mambo ya zamani yamesahaulika.

Nimewaambia la pili linatupa ramani mpya. Kwa kuwa nafundisha jiografia, wameniamini. Sababu yenyewe siyo hiyo.

Jumanne, 5 Agosti

Tano kwa tano. Mmoja hajapiga.

Jofu ni karani wa masjala Temeke, shujaa wake anaitwa Nyundo. Anapiga kampeni kama anagombea udiwani. "Mie nataka asubuhi inayofuata kwa ishu moja tu. Nimkamate Taa kwa mkono wangu." Wote wakashangilia, hata wale waliopigia miaka thelathini.

Taa ndiye aliyemfungulia adui geti la kituo cha umeme na kuwauza wenzake. Hivyo ndivyo inavyosomeka. Lakini Taa ni shujaa wa Rukia, na Rukia hakuandika hata neno moja la usaliti. Niliandika mie. Alikaa kimya siku nyingi katikati ya pambano la mwisho, watu wanasubiri zamu yake. Nikakasirika. Nikamgeuza Taa msaliti.

Sijawahi kuandika sura nzuri kama ile. Nilisifiwa wiki nzima.

Alhamisi, 7 Agosti

Basi niandike, humu hakuna anayesoma.

Rukia hakutoweka. Aliniaga. Aliniandikia pembeni, nje ya grupu: "Madam, siko vizuri, nimelazwa. Niombee ruhusa kwa wenzangu, Taa asubiri kidogo."

Niliusoma saluni nikisukwa. Nikasema moyoni, watu wakichoka mchezo hawakosi ugonjwa. Sikujibu. Wenzake sikuwaambia. Siku nne baadaye nikaandika habari ya geti.

Ujumbe bado upo. Leo nimeufungua mara tatu. Naona aibu mpaka shingo inawasha.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu. Nimefua mapazia yote. Yalikuwa masafi.

Jumamosi, 9 Agosti

Rukia kapiga kura.

Miezi minne hajaandika kitu, nami sikumtoa kwenye grupu wala kumuulizia. Leo saa nne asubuhi jina lake limetokea chini ya chaguo la kwanza. Asubuhi inayofuata. Sita kwa tano.

Grupu likalipuka. "Msaliti karudi!" "Mfungeni kamba!" "Leo utasema ulilipwa bei gani!" Utani, najua. Walikuwa wamemkumbuka. Lakini hakuna aliyemuuliza habari za siku zote hizo. Mie niliyekuwa najua nimefanya nini? Nimeweka kikaragosi kinachocheka hadi machozi.



Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Nimetoka nikakaa kwenye benchi la nje, nikamwandikia. "Mambo Rukia, za siku? Unaendeleaje?" Kama mtu aliyekutana na jirani sokoni.

Akajibu baada ya muda mfupi. "Nashukuru Mungu, Madam. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Mtoto nilimpoteza." Kisha chini yake: "Nilikwambia nimelazwa."

Nimeandika pole. Nimeandika pole sana. Nimefuta, nikaandika tena pole. Ndiyo iliyokwenda.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefanya jambo baya zaidi.

Nimefuta kura. Nimetangaza kwamba msimamizi ndiye mwenye neno la mwisho na tunaanza miaka thelathini mbele, jiji la vilimani. Nikabandika na ramani niliyoichora kwa kalamu za rangi za darasani. Nzuri. Barabara zote zina majina.

Nilijiambia namstiri Rukia. Miaka thelathini ikipita hakuna wa kumtukana Taa. Nilijiambia hivyo nikichora, nikajiambia tena nikipaka rangi milima.

Jofu hakukubali. "Madam, tulihesabu wote. Sita kwa tano. Sasa kura ya nini?"

Nimezima sauti ya grupu nikaingia kipindi cha saba kufundisha aina za mvua.

Jumatano, 13 Agosti

Ujumbe wa Rukia, pembeni.

"Madam, ramani nimeiona. Lakini hata miaka thelathini mbele Taa atakuwa msaliti tu. Tofauti yake ni kwamba hatakuwepo wa kumuuliza kilichotokea."

Nimeusoma nimesimama mbele ya darasa, wanafunzi arobaini wananiangalia. Kiranja akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekwenda Gongo la Mboto. Kutoka Goba ni upande wa pili wa jiji, karibu masaa matatu njiani. Nilimwomba Rukia ruhusa jana. Alijibu "karibu" na jina la duka.

Duka ni la baba yake: sufuria, ndoo, mikeka, majora ya vitambaa mpaka kwenye dari. Babu yake ndiye aliyelifungua. Rukia amerudi kwa wazazi apate nafuu, mumewe anakuja kila jioni. Nilimkuta baba yake kwenye kiti chake mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye madam wa ule mchezo?" Akasimama kunipa mkono, uso umemkunjuka. "Ahsante sana, mwanangu. Kule wodini alikuwaga anasoma hayo mambo yenu tu. Chakula hataki, simu anashika. Nikasema angalau ana kitu."

Nilitamani anifukuze. Badala yake akaagiza nipewe soda.

Rukia alinipeleka uani, kwenye kivuli cha tanki la maji. Amekonda. Tumejuana miaka miwili kwa maandishi, na nadhani ni mara ya tatu tunaonana uso kwa uso. Nikaanza kuomba msamaha kwa hotuba niliyoipanga njiani. Akanikatisha.

"Ulikuwa umeuona ujumbe wangu?"

"Niliuona."

"Kabla hujaandika lile geti?"

"Kabla."

Akaanza kuzungusha bangili yake. Nilidhani atalia, au atanipiga.

"Siku ile walikuwa wameshamchukua mtoto," akasema. "Nikafungua simu nione nyie mmefika wapi. Nikasema nisome watu wakirushana juu ya mapaa, akili ipumue kidogo. Nikakuta nimewauza. Na wote mnanitukana. Mume wangu kanikuta nalia, akajua namlilia mtoto. Kweli nilikuwa namlilia mtoto. Na la geti nalo lilikuwemo."

Nilisema nilidhani anajisingizia. Sijui kwa nini nilisema. Ni kweli, lakini ukweli wenyewe ni mchafu.

"Sasa unataka nifanye nini, Rukia?"

"Waambie niliaga. Basi. Habari ya mtoto ni yangu, nitaisema mwenyewe nikitaka. Wewe waambie kwamba niliaga."

Wakati wa kuondoka mzee alinifungia sufuria ndogo kwenye gazeti, zawadi ya mgeni. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu Rukia akaniangalia, nikapokea.

Jumapili, 17 Agosti

Leo sikwenda kanisani. Nilikaa mezani tangu saa moja. Rasimu ya kwanza ilikuwa na sababu saba. Ya pili sababu mbili. Iliyokwenda, saa tano, haina hata moja:

"Aprili, kabla ya sura ya geti, Rukia aliniandikia kwamba amelazwa, akaniomba niwaombe ruhusa. Niliusoma ujumbe wake. Sikumjibu na sikuwaambia. Nikamwandika msaliti. Wiki iliyopita mlivyomtania, mie nilicheka huku najua. Kisha nikafuta kura yenu ili hili lisijulikane. Rukia hakumuuza mtu. Niwieni radhi, na yeye zaidi."

Dakika kumi baadaye naona wamesoma wote.

Kisha Jofu. "Kwa hiyo miezi minne mie namtukana mgonjwa, na wewe unanitazama." Hakuniita Madam.

Wawili wametoka kwenye grupu. Mmoja kaandika kwamba yeye ni mwalimu mwenzangu na ameona haya kwa niaba ya kazi yetu. Wengine wamemwandikia Rukia pole, moja baada ya nyingine. Jofu alituma ujumbe wa sauti wa dakika tatu kwenda kwake, mbele ya watu wote. Sikuufungua. Haukuwa wangu.

Alasiri mtu akasema usimamizi nimpe Jofu. Nikampa. Ni kubonyeza mara mbili tu.

Jumatano, 20 Agosti

Jofu amerudisha kura yao. Tunaanza asubuhi inayofuata. Mahali kamwachia Rukia achague.

Kachagua Gongo la Mboto, sokoni, saa kumi na mbili asubuhi. Umeme hakuna jiji zima. Wauza chai wameshawasha mkaa.

Baada ya hapo kutatokea nini, mie sijui. Miaka miwili nimekuwa wa kwanza kujua. Nimeshinda nachungulia simu kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Jioni Jofu kaniandikia. "Unacheza au hauchezi? Nafasi mbili ziko wazi." Nimemwambia aniweke. Akauliza shujaa wangu ana nguvu gani. Nikamwambia hana.

Rukia tangu Jumamosi hajaniandikia, wala mie sijamsumbua.

Jumamosi, 23 Agosti

Tumeanza saa tatu asubuhi. Kibaridi, mawingu yamefunika vilima vya Madale. Nilikaa kibarazani na simu.

Jofu anaandika vibaya, anasahau nukta, lakini soko lake linanukia moshi. Akamleta Taa kupitia barabara ya Pugu, kunaanza kupambazuka, wenzake wamesimama kwenye vibanda wanamwona anakuja. Kisha akasema, zamu ya Rukia.

Tulisubiri kama robo saa.

Rukia akaandika: "Taa anawaamkia wote. Anasema, nilikuwa na msiba. Anauliza nani ana waya wa shaba."

Nyundo akampa waya. Wakaanza kazi ya kurudisha umeme.

Zamu yangu ilikuwa ya tisa. Niliandika: mwanamke mmoja mkazi wa pale amesimama kwenye foleni ya maji, ameona Taa anahitaji mtu wa kushika ngazi, ameweka ndoo chini, ameenda kushika.

Rukia akaandika kwamba Taa amepanda.

Ikawa zamu ya mtu mwingine.