Mbio za Kufumba Macho

Jumatano, Kahama

Hata kichwani napitwa! Wiki ya pili sasa kocha wetu, Mwalimu Shija, ananikalisha pembeni ya uwanja nifumbe macho na kuzikimbia mita elfu moja mia tano zote akilini. Anasema ubongo nao unafanyishwa mazoezi kama miguu. Mimi unanichosha kuliko miguu.

Leo tena, mzunguko wa tatu, Neema, mpinzani wangu wa siku zote, akanipita palepale kwenye kona. Nikafumbua macho.

"Mbona kila siku unaishia hapo?" Mwalimu akauliza.

Sijui kilichonipata, nikamwambia ukweli. Kwenye mashindano ya Geita mwezi uliopita msuli haukunibana kama nilivyodai. Neema aliponipita nilikata tamaa, nikajishika paja, nikatoka uwanjani nachechemea.

Nilipomaliza kukiri, nikajua Jumamosi, kwenye mchujo wa timu ya mkoa, sina nafasi tena.

"Fumba macho," akasema. "Mwache apite. Wewe endelea."

Nikaendelea. Jasho lilinitoka nikiwa nimekaa, mdomo umekauka.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa pili, Mwalimu."

Jumamosi sijui itakuwaje, naogopa. Ila kwa mara ya kwanza nimefika mwisho.